Hekaya ya Kanga Aliyehesabu Kamba

Hapo kale, ambapo si kale sana kwa kuwa wazee walioyaona haya bado wanatafuna mahindi ya kuchoma kwa meno yao wenyewe, palikuwa na nchi ya wanyama kati ya Ziwa Tanganyika na milima ya Fizi. Nchi hiyo ilikuwa chini ya Mwami Simba, aliyekaa mbali sana upande wa machweo, ng'ambo ya msitu usiovukika kwa miguu, hata raia zake hawakupata kuuona uso wake ila juu ya vitenge vilivyogawiwa bure kila ulipokaribia msimu wa kumchagua. Ndani ya nchi hiyo palikuwa na mji ulioitwa Misisi. Chini ya mji palikuwa na dhahabu, juu ya dhahabu palikuwa na njaa, na mambo hayo mawili yalikuwa yamekaa pamoja siku nyingi bila kugombana.

Wakazi wa Misisi walikuwa mafuko. Fuko hafundishwi kuchimba, na habari za udongo unaong'aa zilipopita vijijini walikuja kutoka Uvira, Bukavu, Kalemie na Maniema, wakaacha mihogo imezwe na magugu, wakavitoboa vilima mpaka mbuzi wakaogopa kupita. Kila mwenye shimo aliitwa pedeje, ijapokuwa shimo lenyewe lilikuwa halijatoa kitu ila maji. Na kwa kuwa maji hayatoki shimoni bila mashine, wala mashine hainunuliwi kwa jasho, kila pedeje alipiga magoti kwa Mwewe.

Mwewe huyu alikaa barazani kwake na mizani ndogo, njiti za kiberiti zikiwa ndiyo mawe yake ya kupimia. Alikopesha mashine, mafuta na unga, kisha dhahabu ilipotoka ikawa yake kabla haijaoshwa. Alipoulizwa habari za bei aliinua mabawa, akaapa kwamba bei haipangi yeye, na katika hilo hakusema uongo, kwa maana bei hupangwa mara mbili kila siku ya kazi katika mji wa London, na ndege ambao hawajapata kukanyaga tope la Misisi. Mwezi wa Agosti 2020 ndege hao waliipandisha hata ikapita dola 2,000 kwa wakia moja. Mafuko wakasikia redioni, wakacheza ngoma usiku kucha, na kulipopambazuka wakakuta njiti ya kiberiti imekuwa nzito kuliko ilivyokuwa jana.

Basi palikuwa na mjane mmoja wa mji wa Baraka, jina lake Mama Kanga, aliyeuza ndagala kando ya ziwa. Ndagala huvuliwa usiku wa giza kwa taa, samaki wakifuata mwanga hadi wavuni. Mwezi ukijaa taa hazina tena la kuwaambia samaki, wavuvi hulala, na bei hupanda. Mama Kanga alikuwa akiishi kwa kuusoma mwezi, na kwa kuusoma mwezi alisomesha watoto watatu. Siku moja fuko mmoja kijana, aliyezoea kumwita shangazi kwa heshima, alirudi kutoka Misisi akiwa amekonda, akamsimulia kwamba kule bugali huliwa kwa chumvi, na kwamba mtu akitokea sokoni na bakuli la ndagala huzungukwa kabla hajalitua. Mama Kanga hakulala. Alfajiri wazo lilikuwa limekwisha kuota manyoya: kununua Baraka, kwenda kuuza Misisi.

Desturi ya nchi ile ilikuwa kwamba wazo haliguswi mpaka lipite mbele ya wakubwa na wataalamu, nao walikuwa wengi. Mkuu wa wataalamu wote wa biashara alikuwa Kasuku. Kasuku alifika Baraka kila kiangazi amepanda Faru mweupe mwenye bendera ubavuni, akafungua mafunzo ya siku tano chini ya turubai, kila mhudhuriaji akapewa daftari, soda na posho ya usafiri, hata wale waliokaa nyumba ya pili kutoka kwenye turubai. Yeye mwenyewe Kasuku hakupata kuuza hata fungu moja la karanga tangu aanguliwe, lakini biashara ya kufundisha biashara ilikuwa imemnenepesha, kwa kuwa ni biashara isiyo na mali ya kuoza wala mteja wa kukopa: anayelipa yuko ng'ambo ya bahari na anayefundishwa hana pa kulalamika.

Kasuku alichora ubaoni visanduku vinne, akaviita nguvu, udhaifu, fursa na vitisho. Mimi msimulizi sina ugomvi na visanduku. Vikijazwa na mkono ulio huru huweza kumwokoa mtu. Ila siku ile aliyepewa kalamu ya kujazia alikuwa Mzee Fisi, aliyekaa safu ya mbele kama mgeni wa heshima. Kwenye nguvu akaandika kwamba raia ni wavumilivu. Kwenye udhaifu akaandika kwamba raia hawana elimu. Kwenye fursa akaandika Misisi. Alipofika kwenye vitisho akaugeukia mkutano, akauliza kwa upole kama yupo mwenye kitisho chochote, akitembeza macho safu kwa safu. Mkutano ukaona kwamba vitisho hakuna, na kisanduku cha nne kikabaki cheupe.

Mama Kanga aliinua bawa. "Mwalimu," akasema, "kabla ndagala zangu hazijafika kinywani mwa fuko, ni nani wengine watakaozila njiani?" Kasuku akafurahi mno. "Swali zuri!" akasema, na wanafunzi wake wakaitikia, "Swali zuri!" Wakaliandika kwenye daftari chini ya kichwa Maswali Mazuri, wakaendelea na somo la namna ya kuchagua jina la duka.

Siku ya sita wazo lilipelekwa barazani. Palikuwa na Mzee Fisi, palikuwa na Nyani wa Masoko, Nguchiro wa Usafi, Kenge wa Barabara, na mjumbe wa Chui kwa ajili ya usalama. Mama Kanga alitarajia kuhojiwa, akawa ameandaa majibu; badala yake alipigiwa makofi. Nyani akasema hajapata kusikia wazo lenye afya kama lile. Nguchiro akasema limechelewa. Kenge wa Barabara akamshauri asianze na beseni, aanze na lori. Mjumbe wa Chui hakusema kitu, lakini alitabasamu, jambo ambalo halikuwahi kuandikwa katika kumbukumbu za baraza. Mama Kanga akainama akashukuru, akatoka nje. Alipokuwa akitembea kurudi nyumbani moyo ukaanza kumwambia kwamba huruma ile imezidi kipimo. Watu hao hawakula ndagala. Wao ni walaji wa nyama. Sasa furaha yao ilitoka wapi?

Hapo ndipo alipoamua kwenda mwenyewe, na beseni moja tu. Alichukua mbegu 30 za maharage, akazifunga kwenye pindo la kitenge, akahesabu kwamba mbegu hizo zote ndizo thamani ya beseni lile likiuzwa Misisi. Akatoa mbegu 12 kwa bei aliyonunulia ziwani. Akatoa 4 kwa kijana wa pikipiki. Zikabaki 14, nazo zilikuwa zinameremeta pindoni, na ni hizo 14 ambazo kila mtu chini ya turubai la Kasuku alikuwa amezihesabu kuwa faida.

Kamba ya kwanza, iliyokatiza njia ili apitaye alipe, ilikuwa pale pale mwisho wa soko la Baraka, imeshikwa na mjukuu wa Nyani, nayo ilikuwa kamba ya kutokea. Ya pili ilishikwa na fisi wawili vijana wenye fimbo zinazotema moto, nayo haikuwa na jina. Ya tatu ilikuwa ya Usafi, imefungwa katikati ya lundo la takataka. Ya nne ilikuwa ya Kenge, kwa ajili ya kutengeneza barabara, na pikipiki ilipokwisha kulipiwa ilizama topeni hatua chache mbele yake, vijana wa Kenge wakaja kuivuta, wakalipwa tena kwa kuivuta. Huko juu, baada ya Fizi, palikuwa na kamba ya Paka wa Porini, ambaye alimweleza Mama Kanga kwa uchungu mkubwa kwamba yeye ameingia msituni ili kumkomboa raia na wale wenye kamba za nyuma, kisha akaitazama jetoni, ile stakabadhi ya kulipia kamba, aliyopewa nyuma, akasema haitambui, akadai yake. Jioni ilipoingia palikuwa na kamba ya lala salama, ambayo ukiilipa unalala salama kutokana na yule uliyemlipa. Na alfajiri, mbele kidogo, fisi wale wale wa kamba ya pili walikuwa wamekwisha kuwahi kwa njia ya mkato.

Msikilizaji asidhani msimulizi anatia chumvi. Mwaka 2017 walipita wageni wenye madaftari katika majimbo mawili yanayopakana, lile la kaskazini na hili la kusini, wakahesabu kamba moja moja wakapata 798, na kati ya hizo zilizo nyingi zilikuwa huku kusini. Wazee wa milimani husema njia hizi zilizoea mizigo yenye walinzi tangu enzi ya Chui mwingine aliyejificha huko, akaiita kambi yake Hewa Bora, dhahabu ikavushwa ziwa hadi Kigoma miaka mingi kabla yeye hajashuka na kukikalia kile kiti kikubwa cha machweoni mwaka 1997. Wakati ule, wasema, njia ilikuwa na mlezi mmoja. Sasa amekufa, na yatima wake kila mmoja amerithi kipande cha kamba.

Mama Kanga alifika Misisi akiwa ametoa mbegu 8 kwa kamba, na moja nyingine kwa Nyani wa soko la hapo kwa haki ya kuketi. Bado hakukata tamaa, maana kweli alizungukwa kabla hajalitua beseni. Katika hilo fuko kijana hakumdanganya. Kilichomshangaza ni mazungumzo. "Mama, nipimie vikombe vitatu, nikigonga jiwe nitakulipa." "Shangazi, niandike kwenye daftari, sisi tuko mbioni kukuta mwamba." Hata pedeje mwenye mashine mbili na simu tatu alikopa, na kwa sauti ya mtu anayemfadhili muuzaji. Kwa sababu fuko hakuwa na fedha mpaka shimo lijibu, na shimo likijibu, Mwewe alikuwa amekwisha kusimama mlangoni. Beseni likaisha kabla ya adhuhuri, mkutano mzima ukimsifu kwa biashara inayokwenda. Mkononi alikuwa na mbegu 17; zilizobaki zilikuwa zimeandikwa.

Alikaa Misisi majuma mawili kufuata madeni. Wengine walimlipa, jumla mbegu 4. Shimo la mmoja liliingia maji. Wengine wawili walisikia kwamba Maniema kumegongwa jiwe, wakaondoka usiku pamoja na sufuria ya jirani. Mama Kanga akaketi chini ya mwembe akatandika kitenge: zilizotoka zilikuwa 25, zilizorudi zilikuwa 21. Hakulia. Aliendelea kuzipanga mbegu upya, akijaribu kuona kama beseni likiwa gunia mambo yatageuka, kama Kenge alivyomshauri. Akaona kwamba gunia likiongezeka kamba nazo hunenepa, kwa kuwa mwenye kamba hutazama mzigo na wala hatazami mfuko, na kwamba mwenye gunia hana budi kukopesha zaidi ili lisioze. Hasara iliyokuwa mbegu 4 ingekuwa vikapu 4. Wazo lilikuwa zuri kweli, na wenye kamba walilisifu kwa haki, maana lilikuwa lao tangu mwanzo; yeye alikuwa ameombwa tu alibebe.

Aliporudi Baraka akasema hataendelea, mji mzima ulimhurumia kwa sauti za kuudhi. Wakasema mwanamke huyu hana subira. Wakasema kuku akiogopa moshi hataiva, methali ambayo sijui waliitoa wapi. Aliyesema zaidi alikuwa Tumbili, mhitimu bora wa Kasuku, ambaye cheti chake alikifunika kwa plastiki ili mvua isikiguse. Tumbili aliona beseni likiisha kabla ya adhuhuri, hakuona daftari. Akaenda kwa Mwewe akakopa fedha za magunia 20 na lori la kuyabeba, Mwewe akampa bila hata kumkazia macho. Akanunua mwezi ukiwa umejaa, kwa sababu haraka haina mwezi. Akaondoka mvua za masika zikiwa zimeanza, lori likalala siku tisa mbele ya kamba ya Kenge, na kila siku katika hizo tisa kamba ililipwa upya, kwa hoja kwamba lori lilikuwa bado linaitumia barabara. Ndagala zilipofika Misisi zilikuwa na ukungu wa kijani, na kwa kuwa zilikuwa nyingi na zinanuka, Tumbili alizikopesha zote kwa siku moja, akaandika daftari mbili zikajaa. Leo anabeba mawe katika shimo ambalo Mwewe ana hisa, na mtoto wake naye anabeba. Kiangazi kilichofuata Kasuku alipanda hadi Misisi kumpiga picha akiwa ameshika cheti, kwa ajili ya ukurasa wa wajasiriamali waliothubutu, kwani kumbukumbu zilionyesha kwamba katika biashara yake Tumbili aliajiri vijana wanne.

Mama Kanga naye, katika yale majuma mawili ya kudai madeni, alikuwa ameona jambo jingine. Unga wa muhogo uliouzwa Misisi ulipita kamba zile zile alizozipita yeye, ukafika ghali. Na nyuma ya vilima vya mashimo, mwendo ambao jogoo huwika akasikika, palikuwa na mashamba mazima yaliyoachwa, mashina ya mihogo yakikua mwitu. Kutoka shambani pale hadi sokoni hapakuwa na kamba hata moja. Akaona pia kwamba walikuwapo watu Misisi waliolipwa kila jioni, wala hawakuitwa mapedeje: kina mama watwangaji, wanaoponda mawe kwa mchi kuanzia asubuhi, wakashika makuta yao machache, wakatafuta cha kupikia watoto kabla giza halijaingia.

Akalipeleka barazani kwa adabu wazo hili, la kulima mihogo pale na kuwauzia kina mama hao, kwa kuwa desturi ni desturi. Nyani akapiga miayo. Nguchiro akauliza kama huo ni mradi au ni adhabu. Kenge akasema kulima juu ya dhahabu ni kutukana wahenga. Mzee Fisi alilala kabla Mama Kanga hajamaliza kueleza. Hakuna aliyelisifu, hakuna aliyempa makofi, na Mama Kanga alitoka nje akitembea kwa wepesi ambao hakuwa nao mara ya kwanza.

Hata hivyo hakuuza nyumba. Alikodi kipande kidogo kwa fuko mmoja aliyesahau kwamba anakimiliki, akapanda mihogo, na kwa kuwa muhogo hukaa karibu mwaka mzima ardhini kabla haujatoa unga, alianza kwa kuchuma majani baada ya miezi michache, akayauza sombe kwa mafungu madogo, yale ambayo makuta ya siku moja yanayatosha. Hakukopesha. Pedeje mmoja alikuja akisema ataandika mwenyewe, akampa fungu moja bure na kumwomba asirudi. Kina mama watwangaji walimwingiza katika kirimba chao cha kuchangishana kwa zamu, na zamu yake ilipofika akanunua jembe la pili. Chini ya kitanda alikuwa na chungu chenye mbegu za maharage, zimegawanywa mafungu: la kodi, la majembe, la ada za shule, la mvua mbaya, na fungu dogo la pembeni ambalo binti yake aliuliza mara nyingi ni la nini, naye akamjibu kwamba mwenyewe bado hajafika.

Wiki ya kung'oa mihogo ya kwanza, Mama Kanga alipokuwa akitoka shambani na kikapu kichwani, alimkuta fisi mdogo kwenye kona ya njia, bado ana manyoya ya utoto shingoni, akihangaika kufunga kamba mpya kati ya miti miwili. Upande mmoja ulikuwa unafunguka kila anapofunga wa pili. Alipomwona mama akajikaza, akatoa sauti ya baba yake.

"Mama, njia hii ina ushuru."

"Najua, mwanangu," akasema Mama Kanga, akatua kikapu, akafungua pindo la kitenge akatoa kilichokuwa kimefungwa mbali na fedha nyingine. "Ulichelewa. Nilikuwa nakutarajia tangu siku ya kupanda. Sasa niandikie jetoni, utie na tarehe, ili babako akija jioni asinidai tena."

Fisi mdogo akatazama fedha, akatazama kamba, kisha akamuuliza kwa sauti ndogo jetoni huandikwaje. Mama Kanga akaketi juu ya shina la mti, akamwomba kalamu, akaanza kumfundisha.